Jinsi ya kuhamia mji wa Wapuritani miaka ya 1630 na usifukuzwe

Tuseme mwaka ni 1630 na kitu, upo Uingereza, una mke na watoto watatu, na umeshachoka. Mfalme Charles wa Kwanza anatawala bila bunge, Askofu William Laud anawabana wachungaji wote wanaokataa mavazi na taratibu anazozitaka yeye, na mchungaji wako mwenyewe ameshazuiwa kuhubiri. Unasikia kuna Wapuritani, yaani Waprotestanti wanaotaka Kanisa la Uingereza lisafishwe, wanavuka bahari kwenda New England, kwenye pwani ya Amerika Kaskazini. Ndani ya miaka 10 hivi, 1630 mpaka 1640, watavuka kama 20,000, na wengi wanakwenda familia nzima, baba mama watoto na watumishi, sio vijana wa kukimbilia utajiri. Sasa na wewe unataka kwenda, na swali ni utaishije na wale watu, maana wale jamaa wakikuchoka hawaishii kukununia, wanakufukuza kwa amri ya mahakama.

Kila nikisoma habari zao naona mahubiri, wachawi na kofia nyeusi tu. Fungua kumbukumbu za mikutano ya miji yao ukutane na kitu kingine kabisa, kurasa kwa kurasa ni ua uliobomoka, nguruwe wa fulani, nani kapewa ekari ngapi za majani ya ng'ombe, nani hakuja mkutanoni alipe faini. Kwa hiyo mimi hapa nitakaa sana kwenye ua na nguruwe, dini tutaifikia, na utaona kwa wale watu hivyo vitu havikukaa mbalimbali hata kidogo.

Kwanza chagua koloni

Watu wanachanganya sana hapa. Plymouth ni ya wale wa meli ya Mayflower, abiria 102, walifika mwishoni mwa 1620 na karibu nusu yao wakafa kabla baridi haijaisha. Viongozi wao walikuwa wamejitoa kabisa kwenye Kanisa la Uingereza. Sisi tunakwenda Massachusetts Bay, kwa watu ambao walidai bado wako ndani ya kanisa hilohilo ila wanataka lisafishwe. Gavana wao John Winthrop, mwanasheria, alikuja 1630 na meli ya Arbella kwenye msafara wa meli 11 na watu kama 700. Ujanja wao mkubwa ulikuwa kwenye hati. Kampuni yao ilipewa hati na mfalme 1629, na kampuni za aina ile kwa kawaida makao makuu yanabaki London, wao wakaibeba hati wakavuka nayo, kwa hiyo mkutano wa wanahisa ukageuka kuwa serikali huko ng'ambo na mfalme yuko mbali hana wa kumuita ofisini. Huo mkutano waliuita Mahakama Kuu, ila usidanganyike na jina, ilikuwa inatunga sheria, inagawa ardhi, inahukumu, vyote.

Mzigo

Nauli ni kama pauni 5 kwa mtu mzima, na safari ni miezi miwili mpaka mitatu kutegemea upepo. Ondoka mwanzo wa machipuko ili ufike kiangazi, ukifika vuli umekwisha, hutapanda kitu na baridi inakukuta kwenye hema.

Kuna orodha ilichapishwa 1630 pamoja na maandishi ya mchungaji Francis Higginson wa Salem, ya vitu vya mtu mmoja kwa mwaka mmoja, na ni nzuri kwa sababu haina mapambo. Busheli 8 za unga, 2 za njegere, 2 za unga wa oti, galoni moja ya pombe kali, moja ya mafuta, mbili za siki, na kipipa cha siagi. Nguo za kazi, soksi jozi tatu, viatu jozi nne. Majembe mawili, pana na jembamba, shoka la kuangushia miti na shoka la kuchongea, misumeno, nyundo, patasi, keekee, misumari. Chungu cha chuma, kikaango, sahani na vijiko vya mti. Silaha pia, bunduki ndefu na upanga, na ratili 20 za baruti na 60 za risasi. Angalia vizuri hiyo orodha, hamna kitu cha kuuza pale, vyote ni vya kuishi, maana duka halipo na mhunzi ukimpata ana foleni.

Ongeza maji ya limau. Edward Winslow wa Plymouth alishawaandikia watu 1621 wabebe maji ya limau, na karatasi na mafuta ya kitani kwa ajili ya madirisha, maana kioo ni ghali, karatasi iliyopakwa mafuta inapitisha mwanga na inazuia upepo kidogo. Wa msafara wa Winthrop waliojifanya hawajasikia habari ya limau waliugua kiseyeye. Baridi ile ya kwanza walikufa kama 200, wengine walikata tamaa wakarudi Uingereza na meli zilezile zilizowaleta. Waliobaki waliokolewa na meli ya Lyon iliyorudi Februari 1631 na chakula na maji ya limau, na siku ya kufunga iliyokuwa imeshapangwa wakaibadilisha kuwa siku ya kushukuru.

Nyumba ya kwanza haitakuwa nyumba. Wengine walichimba shimo kwenye mwinuko wakaezeka juu, wengine waliiga vibanda vya wenyeji vya fito na magome, na wenyeji walijua wanachofanya kwa sababu vile vibanda vilikuwa na joto kuliko vya mbao zenye nyufa. Ukianza kujenga ya maana usithubutu kuweka dohani ya mbao iliyosiribwa udongo wala paa la nyasi mjini Boston, kulikuwa na moto Machi 1631 na vikapigwa marufuku hapohapo.

Kuingia mjini

Hapa ndipo wageni wanapokosea wakidhani ardhi ni ya kujikatia. Huwezi kwenda msituni ukajenga peke yako, na sheria ya 1635 ilikataza kabisa nyumba mpya kuwa zaidi ya nusu maili kutoka nyumba ya mikutano, ndo kanisa lao (ilifutwa 1640, watu walikuwa wameshasambaa wanatafuta malisho, nani angewazuia). Utaratibu uko hivi, kikundi cha familia kinaomba, Mahakama Kuu inakipa eneo, halafu kikundi chenyewe ndo kinaamua nani aingie na nani apewe nini.

Chukua mfano wa Dedham, 1636. Familia kama 30 walipewa karibu maili 200 za mraba, eneo kubwa mno kwa watu wachache vile, na wenyewe walitaka mji uitwe Contentment ila Mahakama Kuu ikawapa Dedham. Kabla ya yote waliandika agano. Ndani yake waliahidi kuishi kwa upendo, kuwazuia wote wenye mawazo kinyume na wao, ugomvi ukitokea upelekwe kwa watu wawili watatu wa palepale waamue, na kila atakayepewa ardhi alipe sehemu yake ya gharama za mji na afuate kanuni. Kila mgeni aliyekubaliwa aliweka sahihi yake palepale chini ya majina ya wenzake. Kama unajua kuandika andika, kama hujui weka alama, ila usiseme utasaini kesho.

Kiwanja cha nyumba pale kilikuwa ekari 12 kwa mwenye mke na ekari 8 kwa asiyeoa. Baadaye mashamba yanagawiwa kidogo kidogo kwa kuangalia ukubwa wa familia, mali uliyoleta, cheo, na huduma yako kwa mji. Hayakuwa mambo ya usawa na wala hawakujificha, Winthrop mwenyewe aliwahubiria kwamba Mungu ndiye aliyepanga wawepo matajiri na maskini ili wahitajiane. Ukipewa kidogo nyamaza mwaka wa kwanza, mgao mwingine unakuja, na atakayekaa kwenye kamati ya kugawa ni yuleyule uliyemsaidia kuinua boriti za nyumba yake.

Usifike na mjomba wako na marafiki zake ukawaweka ndani kimyakimya. Sheria ya 1637 ilikataza mji kumpokea mgeni zaidi ya wiki tatu bila ruhusa ya mahakimu, na ilitungwa kwa makusudi ili watu wa mawazo mengine wasiongezeke. Na kama wewe ni kijana hujaoa, sahau kupanga chumba chako. Koloni jirani la Connecticut waliamua kijana asiye na mke wala mtumishi akikaa peke yake bila kibali cha mji anatozwa shilingi 20 kwa wiki, hela ambayo huna. Utawekwa kwenye familia ya mtu, utakula kwao, utasali nao asubuhi na jioni, na mwenye nyumba anawajibika kwa tabia yako. Ukija kwa mkataba wa utumishi ni hivyohivyo, miaka kadhaa chini ya baba mwenye nyumba.

Ua, nguruwe na mkutano wa mji

Sasa tufike penyewe. Katika miji mingi mashamba yalikuwa ni bonde moja kubwa lililozungushiwa ua mmoja, ndani kila mtu ana kipande chake, na ule ua umegawiwa, hatua hizi za fulani, hatua hizi zako. Kwa hiyo kipande chako cha ua kikioza, ng'ombe wakiingia usiku, hawali mahindi yako peke yako, wanakula ya mji mzima, na asubuhi mji mzima uko mlangoni kwako. Ndo maana kila mwaka wanachaguliwa wakaguzi wa ua, wanapita mwanzo wa msimu, wanasukuma nguzo, wanakwambia hii na hii badilisha, usipobadilisha unalipa faini na hasara juu. Ushauri wangu, rekebisha kabla hawajapita na uwe wa kwanza kujitolea kukagua mwaka unaofuata, kazi yenyewe inachosha na ina lawama ila ni njia ya haraka kuliko zote ya mgeni kujulikana kwamba ni mtu.

Nguruwe wana ofisa wao pia. Nguruwe wale waliachiwa wajitafutie msituni, na ili wasifukue mashamba walitakiwa wavishwe kipete puani na nira ya mbao shingoni ya kuwazuia kupenya kwenye ua, na yule ofisa anahakikisha. Mnyama akikamatwa shambani anapelekwa zizi la mji, unamkomboa kwa hela. Ukiokota mnyama wa mtu unatangaza kwa mpiga mbiu, usijimilikishe.

Usidhani ni mambo madogo. Mwaka 1636 mfanyabiashara wa Boston anaitwa Robert Keayne aliokota nguruwe jike aliyepotea, akamtangaza, akakaa naye kama mwaka. Kipindi hicho akachinja nguruwe mwingine wa kwake. Akatokea mama mmoja, Bi Sherman, mume wake yuko Uingereza, akaenda kumuona yule wa kuokotwa akasema sio wangu, halafu akageuka akasema basi wangu ndiye uliyemchinja. Wazee wa kanisa wakasikiliza wakamsafisha Keayne. Baraza la mahakama 1640 likamsafisha tena na akapewa pauni 3 za gharama, akaona haitoshi, akamshitaki mama kwa kumchafulia jina akashinda pauni 20. Watu wakakasirika, tajiri anamkamua mama wa watu. Kesi ikafufuliwa 1642 mbele ya Mahakama Kuu, wakaisikiliza siku saba, siku saba kwa nguruwe ambaye hakuna aliyekuwa na uhakika naye! Kura zikagawanyika, mahakimu wengi upande wa Keayne, wajumbe wa miji wengi upande wa mama, na kukawa na ubishi mkali kama mahakimu wachache wanaweza kupinga wajumbe walio wengi. 1644 wakaamua kila kundi likae chumba chake na jambo lipite kote kuwili, yaani Massachusetts ilipata bunge la mabaraza mawili na nguruwe alikuwa na mchango wake.

Hayo yote ya chini yanaamuliwa kwenye mkutano wa mji. Mkutano unachagua wazee wachache wa kuendesha mambo katikati ya mwaka, askari wa mji, wakaguzi, karani. Kuchelewa au kutokuja ni faini kwenye miji mingi. Ukienda usitegemee kura za kushindana kila jambo, wanapenda wazungumze mpaka wakubaliane, na mtu wa kung'ang'ania peke yake anaonekana ana kiburi. Sema unachotaka mara moja, kisha kamalizie nyumbani kwa mtu mmoja mmoja.

Kanisani kuna milango miwili

Wa kwanza uko wazi kwa nguvu, kila mtu lazima ahudhurie, mshirika asiye mshirika, faini ni mpaka shilingi 5. Wa pili ni wa ushirika wenyewe, kushiriki meza ya Bwana na watoto wako kubatizwa, na huo ni mwembamba. Tangu 1631 ulikuwa na uzito wa siasa pia, kwa sababu mwanaume hawezi kupiga kura ya koloni mpaka awe mshirika wa kanisa. Ila elewa pia kwamba wachungaji wenyewe hawakushika vyeo vya serikali, na ndoa ilifungwa na hakimu, hawakuiona kama sakramenti, na iliweza kuvunjwa mahakamani kwa uzinzi au mtu kutelekezwa.

Unaingiaje? Katikati ya miaka ya 1630 walianza kudai ushuhuda. Unasimama mbele ya kanisa unaeleza jinsi Mungu alivyofanya kazi ndani yako. Mchungaji Thomas Shepard wa mji wa Cambridge, hukohuko Massachusetts, aliandika shuhuda za watu wake kwenye daftari, na za watumishi wa ndani zimo pia, na ukizisoma unaona mtiririko wao. Mtu anaanza na uzembe wake wa ujana, anasikia mahubiri fulani yanamchoma, anajirekebisha, anagundua kujirekebisha kwenyewe ni majivuno, anakata tamaa, halafu mstari fulani wa Biblia unamfikia, anapata tumaini, halafu mashaka yanarudi. Usiyaruke hayo mashaka! Wao waliamini Mungu ameshachagua wateule wake toka zamani na hakuna binadamu anayejua kwa hakika kamili, kwa hiyo ukisimama ukasema mimi nimeokoka sina wasiwasi, wazee wanaangaliana. Wala usizidishe upande wa pili ukaishia na kukata tamaa tu. Kwa wanawake baadhi ya makanisa yaliruhusu wazungumze na wazee faragha kisha ushuhuda usomwe kwa niaba yao.

Na usikimbilie. Watu wa Dedham walitoka sehemu tofauti za Uingereza, hawakujuana, wakaanza kukutana kila wiki nyumba kwa nyumba, wanaulizana maswali ya imani, mwenye nyumba anaanza wengine wanafuata, muda mrefu hivyo hivyo, kanisa lenyewe likaanzishwa Novemba 1638, miaka miwili baada ya mji.

Jumapili inaanza Jumamosi jua likizama, kwa hiyo kuni, maji na chakula vimalizike mapema. Asubuhi inapigwa ngoma au inapulizwa baragumu. Nyumba ya mikutano haina msalaba, haina picha, haina kinanda, na haina moto, baridi ya Januari inakuwa ndani na wewe. Wanaume upande huu, wanawake ule, na unakaa kwa cheo, usijichagulie kiti cha mbele. Mahubiri ni saa moja mpaka mbili, kuna saa ya mchanga juu pale na inaweza kupinduliwa, halafu mnaenda kula kitu baridi mnarudi mchana kwa awamu ya pili. Zaburi zinaimbwa bila ala, na kuanzia 1640 kuna kitabu chao cha zaburi kilichochapwa palepale Cambridge, kitabu cha kwanza kuchapwa kwenye makoloni ya Waingereza Amerika. Andika notsi ukiweza, wengi walifanya hivyo, na jioni baba anauliza watoto mahubiri yalisemaje. Sikukuu ya Krismasi hakuna, nenda kazini kama kawaida, na kati ya 1659 na 1681 ukikutwa unaisherehekea ni shilingi 5.

Nyumbani

Nguo nitapita haraka, sio nyeusi. Rangi nyeusi nzuri ilikuwa ghali, ni ya viongozi na ya siku maalum, wewe vaa kahawia, kijani iliyopoa, kutu. Sheria ya 1651 iliwakataza wenye mali chini ya pauni 200 kuvaa lesi za dhahabu na fedha, na kofia za hariri kwa wanawake, hasira yao hapo ni mtu wa chini kujivika cha mkubwa.

Mahindi utakula asubuhi, mchana na usiku, uji wake, mkate wake uliochanganywa na unga wa rai, pamoja na maharage, maboga, chewa wa chumvi na nyama ya nguruwe. Kinywaji ni bia nyepesi hata kwa watoto, baadaye sida ya matofaa. Kulewa ndo shida. Mwaka 1634 Robert Cole alihukumiwa kuvaa shingoni herufi D nyekundu kwenye kitambaa cheupe mwaka mzima kwa ajili ya ulevi.

Watoto lazima wajue kusoma. Sheria ya 1642 iliwapa wazee wa mji mamlaka ya kuja kuuliza kama watoto na watumishi wako wanasoma na wanaelewa dini na sheria kuu za nchi, ukizembea wanaweza kumhamishia mtoto kwa mwingine. 1647 wakaongeza, mji wa kaya 50 uajiri mwalimu wa kusoma na kuandika, wa kaya 100 uwe na shule ya Kilatini. Harvard ilishaanzishwa 1636. Lakini pia usishangae mtoto wako wa miaka 13 akipelekwa kuishi na kufanya kazi kwa familia nyingine wakati wewe umepokea wa mtu, ni kawaida.

Wanaume, mkono wako uwe mbali na mkeo, Hati ya Uhuru ya 1641 ilikataza mume kumpiga mke isipokuwa anajitetea. Hati hiyohiyo ilikataza ukatili kwa mifugo. Na hiyohiyo iliruhusu utumwa kwa mateka wa vita na watu waliouzwa, tutafika.

Biashara

Usiuze kwa bei unayojisikia. Toka 1630 mafundi seremala, waashi na waezekaji walipangiwa wasizidi shilingi 2 kwa siku. Yule Keayne wa nguruwe alipigwa faini ya pauni 200 mwaka 1639 kwa kupandisha bei kupita kiasi, ikapunguzwa ikawa 80, na kanisani akakiri kwa machozi. Mchungaji John Cotton akahubiri kabisa kwamba kununua kwa bei ya chini uwezavyo na kuuza kwa ya juu uwezavyo ni kanuni potofu. Keayne hakusahau, 1653 alianza kuandika wosia uliofika kurasa 158 na sehemu kubwa anajitetea. Halafu kuna fundi Edward Palmer, alitengeneza mkatale wa Boston akadai pauni 1, shilingi 13 na peni 7, wakaona amezidisha, wakamhukumu faini na kukaa saa moja kwenye mkatale huohuo. Nikisoma hiyo nacheka kila mara.

Sarafu ni shida mpaka 1652 John Hull alipoanza kugonga shilingi za koloni. Kabla ya hapo lipa kwa mahindi, ngozi za biva, mnyama wa mtoni mwenye manyoya, au wampamu, zile shanga za kome za wenyeji. Ukifuga ng'ombe wa kuwauzia wageni, uza kabla ya 1640, maana mambo ya Uingereza yakigeuka wageni wanaacha kuja na bei inaporomoka vibaya.

Usiongee haya

Roger Williams, mchungaji, alisema mfalme hana haki ya kugawa ardhi ya wenyeji na serikali isiadhibu watu kwa mambo ya imani. Oktoba 1635 akahukumiwa kufukuzwa, akaenda kuanzisha mji wa Providence. Anne Hutchinson alikusanya watu 60 na zaidi nyumbani kwake kujadili mahubiri, akawa anaonyesha kwamba wachungaji karibu wote wanafundisha wokovu kwa matendo. Winthrop alikuwa jirani yake ng'ambo ya barabara. Anne alihukumiwa kufukuzwa Novemba 1637, na wanaume 75 wakaamriwa kusalimisha silaha. Waquaker, watu wa dhehebu jingine la Kikristo, walikuja 1656 wakafukuzwa, waliorudi walichapwa, na kati ya 1659 na 1661 wanne walinyongwa, Mary Dyer akiwemo. Kama una jambo na mchungaji, nenda kwake peke yake kwanza, akikataa chukua shahidi mmoja au wawili, ndo ulipeleke kanisani. Hiyo ni Mathayo 18 na waliifuata hatua kwa hatua, ukiiruka umeshakosea hata kama una haki.

Ardhi hii ina wenyewe

Mashamba yale utakayokuta yamesafishwa hayakusafishwa na malaika. Kati ya 1616 na 1619 magonjwa yaliua watu wa pwani kiasi cha vijiji kubaki vitupu, Plymouth yenyewe imekaa juu ya kijiji cha Patuxet, na Tisquantum aliyewafundisha kupanda mahindi na samaki wa mbolea alikuwa mtoto wa hapohapo. Walowezi waliona ni Mungu amewaandalia. Nguruwe wako wasio na mchungaji watakula mahindi ya wenyeji na kufukua kome zao ufukweni, na hilo ni chanzo kikubwa cha ugomvi kuliko vitabu vingi vinavyosema. Wenyeji hawakuwahi kuhitaji ua kabla yako, sasa wanaambiwa wazungushie.

Mei 26, 1637, majeshi ya walowezi pamoja na washirika wao Wamohegan na Wanarragansett walichoma ngome ya Wapequot, wenyeji wengine, pale Mystic, wakaua mamia, wanawake na watoto wakiwemo. Waliobaki wengi waligawiwa kama watumwa, wengine wakapakiwa kwenda visiwa vya Karibi, na 1638 meli ya Desire ikarudi kutoka huko na Waafrika waliotumwa utumwani. Majirani zako wanaosaini maagano ya upendo watakupa siku ya shukrani kwa ushindi huo. Mimi sina ushauri wa kukupa hapo, ila ukisikia mtu anasimulia jamii ile kama watu wa ibada na maboga tu, huyo ameruka kurasa.

Ukitaka kuondoka

Inaruhusiwa, ila kwa utaratibu. Omba kanisa likupe barua ya kukuachia uende kanisa jingine, usitoroke, ukitoroka unakuwa umevunja agano. Mchungaji Thomas Hooker na watu wake walilalamika malisho hayatoshi, wakaomba ruhusa, wakakataliwa, wakaomba tena, wakapewa. 1636 watu kama 100 walitembea kwenda Hartford, Connecticut, wakiswaga ng'ombe 160, wanakunywa maziwa njiani, mke wa Hooker alikuwa mgonjwa akabebwa kwenye machela ya farasi. Ondokeni baada ya majani kuota ili ng'ombe wale njiani. Na kama kilichokuudhi Massachusetts ni kukosa kura kwa sababu ushuhuda wako haukupita, kanuni walizoandika kule Connecticut 1639 hazikudai mtu awe mshirika wa kanisa ndipo apige kura, sharti hilo lilimhusu gavana tu.